Jumamosi Guka Alipoihukumu Mieleka

Sisi tuliokua kabla ya rimoti tulikuwa na miguu. Ukitaka kujua kama shangazi amejifungua, unavuka mto na kupanda mlima hadi kwake, unapewa kiazi cha kuchoma, unarudi na habari. Ukitaka mpira, unasokota majani makavu ya mgomba na kuyakaza kwa kamba ya katani, na kabla jua halijatua umeshapata mpira na adui. Wajukuu wangu nikiwasimulia haya hunitazama kwa huruma, utadhani nimewaeleza habari za njaa. Njaa ipi? Wao ndio wanaoshinda sebuleni wakilia kwamba chaji imeisha.

Nilizaliwa kijijini Wamagana, upande wa Nyeri, miaka michache baada ya Uhuru. Julai ya kwetu ilikuwa na baridi ya kukufanya umpende ng'ombe, maana ukimkamua alfajiri unaegemea ubavu wake upate joto. Tulikwenda shule miguu mitupu, umande ukituuma vidole, na mfukoni kila mtu na ngwaci yake, kiazi kitamu kilichotolewa jivuni. Kwanza kilikuwa cha kupasha mikono, na kufika saa nne kikawa chakula. Jumamosi tulichuma kahawa, tukachota maji, tukakata nyasi, na ukithubutu kukaa chini Mama alikuwa na neno lake: "Mkono ikikosa kazi inatafuta shida." Mikono yetu haikuwahi kupata nafasi ya kuitafuta.

Nilikuwa darasa la nne Baba alipoleta runinga. Baba, Kamau kwa jina, alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa cha wakulima, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Ijumaa moja alishuka kutoka kwenye pikapu ya rafiki yake akiwa amekumbatia sanduku jinsi mtu anavyombeba mtoto mgonjwa. Mhindi mwenye duka mjini Nyeri, ambaye alikuwa amemuuzia Baba kila kitu kuanzia baiskeli hadi taa ya karabai, alikuwa amemruhusu akae nayo hadi Jumatatu. Baba alikuwa amemweleza ukweli, kwamba kwetu hakuna kitu kinachoingia bomani kikabaki bila Guka kukubali. Mwenye duka akamwambia hata kwao ni hivyo hivyo.

Guka alikuwa babu yetu, baba yake Baba. Alikuwa mmoja wa wazee walioitwa kuamua kesi za mipaka na mahari, na alivaa koti refu hata wakati wa jua. Mimi nilipewa jina la mkewe, Wangari, yaani Cucu, nyanya yetu, na kwa desturi ya Wagikuyu hiyo ilimfanya Guka aniite "mke wangu" mbele ya watu wote. Ndugu zangu walinicheka, lakini mbuzi akichinjwa mfupa wenye uboho ulikuwa wangu, kwa hivyo waliocheka walicheka wakinitazama nikila.

Guka aliizunguka ile runinga mara mbili, akaigonga ubavuni kwa kidole. "Sasa hii kitu inasema nini?"

Baba, kwa furaha ya mtu asiyepima maneno, akajibu kwamba kesho jioni kunaanza kipindi kipya kabisa, mieleka, na hakuna mtu hapa amewahi kukiona. Guka akauliza mieleka ni nini.

"Ni watu wanapigana, Mzee. Lakini ni mchezo tu."

Wakati wa Hali ya Hatari, siku za mkoloni, Guka alikuwa amefungwa kambini miaka mingi, na alirudi na goti lisilokunjika. Hakuwahi kutusimulia. Boma lake lilikuwa na sheria moja, kwamba hakuna kuinuliana mkono, na ndugu zangu walipopigana walitumwa kuchimba shimo moja la takataka wakiwa wawili, na jembe moja.

"Hapa kwangu tumeona watu wakipigana ya kutosha," akasema. "Hiyo ya kesho nitaangalia na macho yangu. Nikiona ni vita, Jumatatu hii kitu irudi kwa mwenyewe."

Niliomba Mungu usiku ule kuliko nilivyoomba kabla ya mtihani wowote. Sikuwa nimeiona runinga hata ikiwashwa, lakini tayari nilikuwa nimeipenda, na nilijua nikiipoteza nitaipoteza mbele ya shule nzima, maana nilikuwa nimeshawaambia.

Jumamosi ilifika na majirani wakafika nayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tulipona: maziwa, ndizi, nduma za kuchemsha, hata kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye alikaa karibu na mlango akitazama pamoja nasi. Viatu vya mpira vyenye matope vilipangwa nje mpaka ukadhani kuna harusi. Mzee Ndirangu, rika la Guka aliyetahiriwa naye siku moja, alikuja na kigoda chake mwenyewe kwa kuwa hakuamini vya watu. Sisi watoto tuliketi sakafuni, na mimi, mke wa mwenye boma, nilikuwa mbele kabisa, pua karibu iguse kioo.

Runinga ilitumia betri ya gari. Antena ilikuwa juu ya mlingoti wa mwanzi nje ya dirisha, na ikagundulika kwamba picha inakuja pale tu mtu anaposhika mlingoti na kuuinamisha kidogo upande wa Murang'a. Ukiuachilia, watu wote kwenye kioo wanageuka unga unaochekechwa. Kazi ile ilitaka mtu mrefu. Mrefu pale alikuwa mmoja tu, na ndivyo Baba, mleta runinga, alivyojikuta nje kwenye baridi akikumbatia mwanzi na kupiga kelele, "Imekuja? Imekuja?"

"Imekuja!" tulijibu. "Usipumue!"

Cucu akasema hatuwezi kuanza kitu kipya bila maombi. Aliwaombea wakulima, wagonjwa na wasafiri, kisha akawaombea wale waliokuwa karibu kupigana, ili asiumie mtu. Tulipofungua macho wawili walikuwa tayari wameumizana.

Nikitakiwa leo kuhakiki kipindi kile cha kwanza, nitasema haki yake. Ulingo ulikuwa mdogo na kamba zake zimelegea. Mtangazaji alizungumza Kiingereza cha mtu anayefukuzwa na nyuki, na mtu pekee aliyekijua sawasawa alikuwa nje ameshika mlingoti. Pambano la kwanza lilikuwa la wanaume wawili wanene waliokumbatiana muda mrefu hivi kwamba Mzee Ndirangu akauliza kama ni ndugu waliopoteana. La pili lilikuwa na kuruka kwingi, na mama mmoja jirani akamwaga chai. Picha haikuwa na rangi, sauti ilikwaruza, na sijaona kitu kizuri zaidi maishani mwangu, nawaambia bila haya.

Lakini sikufurahi kwa moyo wote. Jicho moja lilikuwa kwenye kioo, jingine kwa Guka. Alikaa wima, mikono miwili juu ya mkongojo, uso haukusema lolote. Kila ngumi iliyotua niliona kama imetua juu ya runinga yetu.

Pambano kubwa likaja mwisho. Mmoja alikuwa na nywele ndefu nyeupe zilizomwagika mabegani, tukampa jina Nywele za Mahindi. Mwenzake alifunika uso mzima kwa kitambaa chenye matundu mawili, naye akawa Uso wa Gunia. Nywele za Mahindi alisalimia watu. Uso wa Gunia alisukuma kikombe cha maji cha mzee mmoja aliyeketi mbele, na Cucu akamchukia hapo hapo.

Ikawa kila refa akigeuka, Uso wa Gunia anamvuta mwenziwe nywele. Refa akirudi, yule anainua mikono kama malaika. Nyumba nzima ilikuwa imesimama. "Refa, angalia nyuma! Nyuma yako, wewe!" Cucu, mwanamke aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani, alivua leso ya kichwani akaizungusha hewani. Hata Guka alikuwa ameinama mbele, goti lake gumu limenyooka katikati yetu.

Kisha, Nywele za Mahindi akiwa amembeba mwenzake juu kabisa ya kichwa, picha ikageuka unga.

Tulipiga mayowe. Unga ulichekechwa kwa muda niliouona mwaka. Picha iliporudi, Nywele za Mahindi alikuwa chali, macho yamefungwa, na refa ameinua mkono wa Uso wa Gunia juu.

"Huyo mtu ya gunia ameiba!" Cucu akapaza sauti. "Alikuwa na chuma!"

"Chuma gani?" Mzee Ndirangu akamjibu. "Aliteleza. Mimi niko na macho."

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, na hakuna aliyesikika. Guka akagonga sakafu kwa mkongojo. Mara moja tu.

"Zima."

Mama akazima.

"Mtu amelala chini," Guka akasema polepole. "Nataka kujua vile alianguka. Kama alipigwa na chuma, hiyo si mchezo, ni uhalifu, na siwezi kuacha watoto yangu wafundishwe hiyo. Nani aliona?"

Sita waliona. Mmoja aliona chuma, mwingine jiwe, mwingine aliona refa akimtega mguu. Jirani mmoja alikuwa tayari kuapa kwamba aliumwa sikio. Guka aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kama alivyosikiliza kesi za mipaka, bila kumkatiza hata mmoja. Kisha akanigeukia.

"Mke wangu, wewe ulikuwa mbele kuliko wote. Uliona nini?"

Jamani, niwaambie kweli, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Aliteleza, Guka. Neno hilo moja tu, na runinga ingebaki. Ndugu yangu alikuwa akinifinya mgongoni niliseme. Lakini Guka alinitazama jinsi alivyotazama watu wazima, na sikuweza.

"Sikuona kitu," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka. "Ilikuwa unga tu."

Kuku peke yake ndiye aliyesema neno.

"Watu sita wameona ndani ya unga," Guka akasema. "Huyu mmoja hakuona, na yeye ndiye alikuwa karibu. Njia ya mwongo ni fupi. Sasa nani alileta hiyo unga?"

Tukageuka dirishani. Kichwa cha Baba kilikuwa pale, paji la uso limeganda kwenye kioo, macho yametoka. Hakuwa ameshika mlingoti wowote.

"Kamau," Guka akasema, "wewe uliacha kazi yako lini?"

"Mzee, ni vile nilisikia mnapiga nduru," Baba akajibu kutoka nje, mtu mzima mwenye kalamu mbili mfukoni. "Nilitaka tu kuona kidogo. Lakini nikifika kwa dirisha, ati hakuna picha! Nikarudi kushika mti, na sasa nimekuja tena, bado hakuna!"

Kilichoanza ni mabega ya Guka kutikisika. Nilidhani amepandwa na hasira. Kisha ikatoka, kicheko cha kifuani ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, na sidhani hata Baba alikuwa amekisikia tangu mzee arudi kutoka kambini. Alicheka mpaka Mzee Ndirangu akamshika asianguke. Mama alikuwa akilia na kucheka. Cucu alimtazama mumewe, leso mkononi, akasahau kabisa habari za chuma.

Alipopata pumzi, akagonga tena mkongojo na kutoa uamuzi. Kesi haiwezi kukatwa bila shahidi. Mlalamikaji hajasikizwa, kwa kuwa amelala. Mshtakiwa amefunika uso, na mtu asiyetaka kuonekana uso lazima alete mbuzi ndipo asikizwe. Kesi itaendelea Jumamosi ijayo, saa ile ile, wote wawepo.

"Na hii kitu?" Baba akauliza kwa sauti ndogo.

"Utatoa wapi kesi kama umerudisha kiti ya mashahidi?" Guka akasema. "Ikae. Lakini wewe ushike mti."

Jumatatu Baba alienda mjini kumwambia mwenye duka kwamba mzee amekubali. Mimi nilienda shule nikiwa mtu mwingine. Na kesi ile, wenzangu, haikuisha. Kila Jumamosi Uso wa Gunia aliongeza kosa juu ya kosa, na Guka aliahirisha, akaahirisha, mpaka majirani wakawa wanakuja mapema kusikia hoja za wazee zaidi ya kuona mieleka yenyewe. Yule mbuzi hakuletwa. Baba alishika mlingoti mwaka mzima kabla fundi hajaja kuufunga kwa waya, na mara nyingine, fundi alipokwisha kuja, nilimwona akitoka kuushika tu.

Leo ninakaa Skuta, mjini Nyeri. Runinga yangu ni pana kuliko kitanda nilichozaliwa juu yake, na picha haijawahi kugeuka unga. Nikiiwasha Jumamosi, nakaa nayo mwenyewe. Kila mtu yuko chumbani kwake na kioo chake kidogo, masikio yamezibwa, na ukicheka hakuna anayeuliza umecheka nini. Siwalaumu. Hawajawahi kuambiwa picha inamhitaji mtu wa kuishika.

Majuzi nilimsimulia mjukuu wangu, Kamau mdogo, habari hizi. Akanisikiliza vizuri, nampa haki yake, kisha akasema, "Lakini Cucu, si hizo zote ni maigizo?" Nikamwambia Guka huenda alijua hilo kabla ya dakika kumi kupita, maana alikaa na waongo maisha yake yote. Akafikiri, akachukua simu. Ati vipindi vya zamani viko humo vyote, aniambie tu nywele zilikuwaje na yule mwingine alijifunika nini. Vidole vyake vikaruka. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi.

"Cucu, ona. Ni hii?"

Walikuwa wao. Nywele nyeupe, kitambaa chenye matundu mawili, kamba zilizolegea. Nywele za Mahindi alikuwa akimwinua mwenzake, juu, juu zaidi, na moyo wangu ukanipiga kama wa mtoto wa darasa la nne. Nikafunika kioo kwa kiganja.

"Kwani hutaki kujua alianguka aje?"

"Nataka sana," nikamwambia. "Lakini siku nitakayojua, Guka atasimama, atachukua mkongojo wake, na watu wote watatafuta viatu vyao mlangoni waende nyumbani."