Wimbo wa Mwinjilisti Wafula

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi tulipotoka Kitale kwenda Bokoli kumwona Mwinjilisti Wafula. Nilikuwa msichana wa kwaya, bado sijaolewa, na mpaka leo nikiisimulia safari ile mwili hunisisimka.

Wafula ndiye aliyetufundisha kuimba katika kanisa letu dogo la Matisi. Alikuwa na sauti nzito, na mahubiri yake watu walikuwa wakiyarudia hata sokoni. Kisha kiharusi kikampiga. Upande mmoja wa mwili ukalegea, na kusema kukamshinda kabisa. Mkewe, Nekesa, akamrudisha nyumbani kwao Bokoli. Mwanzoni tulienda wengi kumwona. Lakini si rahisi kukaa na mtu anayejaribu kusema, hawezi, na machozi yanamtoka. Tukaanza kupungua. Mwishowe tukawa tunamwombea tu kanisani, kwa mbali.

Aliyekataa hali hiyo ni Mama Wangari, mjane aliyekuwa akilima mahindi kule Kachibora. Ibada ilipokwisha alisimama akasema, "Si huyu ni ndugu yetu? Kesho mimi naenda. Mwenye anataka, twende."

Nilimfuata nje. "Mama, na tukifika tutamwambia nini?"

Akanitazama kwa upole, ingawa sauti ilikuwa kali. "Kwani nani amekutuma uhubiri? Wewe enda ukae na yeye. Maneno, hiyo Mungu anajua."

Kesho yake tukafika Bokoli, Mama Wangari na sisi wanakwaya wachache. Nekesa alitupokea mlangoni, uso umechoka. "Karibuni, lakini hataongea. Hata jina yangu hawezi kuita tena."

Wafula alikuwa ameketi karibu na dirisha. Na kweli, hatukuwa na la kusema. Mama Wangari akaushika ule mkono uliolegea, akakaa. Halafu yule mama, ambaye kuimba hakujua hata kidogo, akaanzisha wimbo wetu wa kufungulia ibada, ule Wafula mwenyewe aliotufundisha. Aliuanza vibaya, juu mno. Tukamwitikia hivyo hivyo.

Katikati ya ubeti nikasikia sauti nzito chini ya sauti zetu. Nikageuka. Ilikuwa ya Wafula! Midomo yake ilitamka kila neno, safi, kama zamani. Wenzangu wakaanza kunyamaza kwa woga, lakini Mama Wangari akatuashiria tuendelee. Tulipomaliza, Wafula hakumaliza. Aliendelea peke yake kwa tuni ileile, akatia maneno ambayo hayamo katika wimbo: "Nekesa. Nekesa wangu."

Nekesa akapiga magoti palepale, akamshika miguu. Nilijiona nimesimama mahali patakatifu, ambapo ningepaswa kuvua viatu.

Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba wako wagonjwa wa kiharusi wasioweza kuongea, lakini kuimba wanaweza. Nilimwamini. Ila bado sijaacha kustaajabu, maana siku zote zile tulizomkimbia, wimbo ulikuwa ndani yake, na hakukuwa na mtu wa kuimba naye. Wafula hakupona kabisa, wala hakuhubiri tena. Lakini kila tulipokwenda aliimba, na aliyefika pale amekata tamaa alirudi nyumbani ana nguvu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mwamini mwenzako amenyamaza, au haonekani tena kanisani, usimtumie ujumbe wa simu ukadhani umemaliza. Mwendee. Usingoje upate maneno mazuri. Kaa naye, mshike mkono, imba hata kama sauti yako inakwaruza. Sisi hatujui Mungu ameweka nini ndani ya mtu aliyenyamaza. Kazi yetu ni kufika.

Mungu aliyetukuta sisi pale Bokoli akukute na wewe. Aifanye miguu yako iwe myepesi kwenda kwa wenzako, na siku utakayoishiwa na maneno, asikose wa kumtuma aje akae nawe.