Mkeka wa Yoga Jikoni

Jiko langu jipya katika nyumba yetu ya Bigwa lilikuwa na kaunta za juu na dirisha pana linalotazama milima ya Uluguru. Hata hivyo, mama mkwe, aliyeshuka kutoka huko milimani kuja kukaa nasi, alikuwa ameniambia mara mbili kwamba angependa kurudi kwake. Niliogopa kwamba sikumpokea vizuri.

Asubuhi moja alinikuta sebuleni juu ya mkeka wa yoga, nikihangaika kutuliza pumzi. Nilimwamkia. Alikuwa ameshika ungo wa maharage.

“Marahaba, mwanangu. Jiko lako zuri, lakini mtu anakaa wapi? Tunasimama tu kama walinzi.”

Nikauburuta mkeka hadi katikati ya jiko. Akaketi, akanyoosha miguu, akanivuta nikae kando yake. Tulichambua maharage bila haraka. Ukungu uliteremka mlimani ukagusa dirisha, na vidole vyake vilikwenda sambamba na pumzi yake, hata yangu ikaifuata bila kulazimishwa. Sijui ulipita muda gani.

“Kesho tuchambue mchele,” alisema hatimaye. “Mwite na jirani yako. Hapa tunaenea watatu.”