Aliyemfundisha Ndege

Miaka yote Colette alijua kwamba ndege yule ni wake. Si kwa karatasi, la, ni kwa kumwamkia kila alfajiri: ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa, mwenye kichaka chake katika msitu wa hifadhi juu ya ziwa, nje kidogo ya Bukavu. Kazi ya Colette ilikuwa kukaa kimya pale na kusikiliza.

Kisha akaletwa Bienfait, kijana wa Luhwindja, aje kujifunza kazi. Wiki haijaisha, ndege akashuka na kutua kando ya kiatu chake. Kwa Colette hakuwahi kushuka hata siku moja. Wivu ukamwingia. Alimchukia Bienfait, akakichukia na kiatu chenyewe.

Sasa, ndege huyo huiga kila anachosikia. Ndiyo maana hifadhi imekataza kumpigia mluzi wala kumwimbia. Akishafundishwa, wimbo wake wa porini umeharibika. Anayekaidi huondolewa msituni, akakate tikiti za wageni mlangoni.

Colette akamwendea mkuu wao, Tambwe, ambaye pia huimba naye kwenye kwaya ya parokia.

"Chef, Bienfait iko anamupigia ndege mluzi. Ndiyo maana inamufwata."

"Ulimusikia?"

"Na masikio yangu."

Hakuwa amesikia chochote.

Asubuhi wakaenda wote watatu kichakani, wakatulia. Ndege akatoka, akatikisa mkia, akaimba. Ulikuwa wimbo wa baada ya komunyo, sauti ya kwanza ya wanawake. Akaupandisha vizuri hadi mstari wa mwisho, halafu akateleza pale pale Colette anapoteleza kila Jumapili, mpaka mwalimu wa kwaya amechoka kumsahihisha.

Tambwe akajikuna kidevu. "Maman Colette, hii sauti ni ya Bienfait?"

Kumbe Colette huwa anaimba akiwa kazini, na hajijui. Aibu ilimshika, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha kali: alikuwa akisikilizwa yeye.

"Ni yangu, chef."

Jumatatu akaanza kukata tikiti. Bienfait, akielekea msituni, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Maman, tangu ulitoka ndege haishuke tena. Unifundisheko ile wimbo. Nitaimba mu roho tu."

Colette akamkatia mgeni tikiti, akamrudishia chenji yake.

"Ile hapana," akasema.