Kiwanja cha Korongoni

Baba mdogo aliuza kile kiwanja siku ya mnada wa Karatu, na mimi nilipata habari jioni kutoka kwa mke wangu. Alisema mnunuzi ni mtu wa Singida anayefanya kazi kwenye shamba la kahawa, ana mke na watoto watatu, na wamefurahi sana kupata kwao baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye kambi ya vibarua. Nilikuwa nakula. Niliuliza ni kiwanja kipi, ingawa nilijua. Baba mdogo hakuwa na kiwanja kingine cha kuuza.

Tunaishi Rhotia, chini kidogo ya barabara ya vumbi inayopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Kati ya shamba langu na la baba mdogo linapita korongo. Karibu mwaka mzima ni kavu, watu wanalitumia kama njia ya mkato na ng'ombe wanateremka humo kwenda kunywa bondeni. Ukingoni pana sehemu tambarare, udongo wake mweusi na laini, na mahindi yake yanazidi ya mtu yeyote kwa urefu. Mgeni akipaona anadhani amebahatika. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua udongo ule uliletwa na maji.

Mama yangu hana tarehe. Anahesabu mafuriko kwa mambo ya nyumbani. Ya kwanza anayoyakumbuka yalikuja akiwa mwali, yakabomoa zizi la babu yangu. Mengine yalikuja alipokuwa anamwachisha dada yangu kunyonya. Yaliyofuata nilikuwa darasa la tatu, na hayo nayakumbuka mwenyewe: ndama wetu alinasa kwenye kichaka cha miiba, kichwa juu, amekufa, na baba akakataa tusimkaribie. Kati ya mafuriko na mafuriko hupita miaka mingi, inayotosha watu kuzaa, kusomesha na kusahau. Au kujifanya wamesahau.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta uani anachambua maharage ya mbegu. Nilianza na salamu, nikauliza hali ya mgongo wake, nikazunguka wee hadi nikafika kwenye kiwanja. Alinisikiliza bila kuinua macho. Alisema mambo ya zamani yamepita, mvua siku hizi si zile, na yule mtu alipitishwa mpaka kwa mpaka akaona kila kitu.

"Mwanangu," alisema, "kwani korongo nililificha?"

Baba alipofariki ni huyu aliyenisomesha hadi nikawa mwalimu. Nikaaga.

Njiani nilipita pale kiwanjani. Yule bwana alikuwa anafyatua matofali, suruali imekunjwa hadi magotini, na mkewe alikuwa ameweka chai kwenye mafiga matatu ya mawe. Walinikaribisha kama vile nyumba tayari ipo. Mama yule alikuwa fundi cherehani, akanionyesha mahali ambapo cherehani kitakaa, karibu na dirisha, apate mwanga. Nilikunywa chai yao. Nikawaambia kwamba masika hapa panakuwa na majimaji.

Majimaji. Ndilo neno nililolitumia, kama mtu anayezungumzia unyevu wa sakafu. Yule bwana alinishukuru, akasema atainua msingi tofali mbili zaidi. Nikaenda zangu nikijiambia kwamba nimewaambia.

Nyumba ilisimama, ya tofali mbichi na mabati, na watoto wao wawili wakubwa wakaingia shuleni kwangu. Mwaka uliofuata barabara yetu ilichongwa. Zamani pale barabara inapokatiza korongo palikuwa na kivuko cha mawe tu, maji yakija yanapita juu yake na kwenda zao. Safari hii walijaza kifusi, wakainua barabara, na chini yake wakalaza kalavati moja ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelipita kwa kuinama. Mimi na mwenyekiti wa kitongoji tulimfuata msimamizi wa kazi tukamweleza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye anafuata mchoro. Tulipouliza aliyechora alifika lini hapa, akasema hilo haliko kwenye mchoro.

Niliandika barua kwa niaba ya kitongoji, nikaipeleka mwenyewe Karatu kwa bodaboda. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Niliporudi kuulizia, niliambiwa faili liko kwa mhandisi. Mara ya pili mhandisi alikuwa safarini. Mara ya tatu nikamkuta mhandisi mwingine, mpole, akaniomba nakala ya barua kwa sababu ile ya kwanza haionekani. Nilimpa. Alitaka pia tumwandikie tarehe za mafuriko yote yaliyowahi kutokea. Nikamwambia za mama yangu, za umwali wake na za kumwachisha mtoto kunyonya. Aliweka kalamu chini, akasema kwa upole kwamba hizo hawezi kuzijaza popote.

Maji yalikuja masika iliyofuata, mchana, saa nane kasoro. Rhotia mvua haikuwa kubwa, uwanja wa shule ulilowa tu kiasi cha kutuliza vumbi. Ila juu msituni kulikuwa kweusi tangu asubuhi. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu darasa la tano niliposikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima kwa gia ndogo, na lori lenyewe halifiki. Nilimwachia mwenzangu darasa nikakimbia.

Kalavati lilikuwa limeziba. Magogo, mabua ya mahindi, mti mzima na mizizi yake, vyote vimejikusanya mdomoni mwake, na barabara ile iliyoinuliwa imekuwa ukuta. Maji yalikuwa yamejaa nyuma yake, kisha yakapata upenyo pembeni, upande wa tambarare, upande wa nyumba ile. Baba wa nyumba alikuwa kwenye kahawa. Mkewe alikuwa ndani na mtoto wao mdogo.

Wanaume wanne tulifungana kamba za ng'ombe. Maji yalinifika kifuani, mazito kwa tope, na chini mawe yalikuwa yanatembea, yanakugonga vifundo vya miguu. Tulimkuta amesimama juu ya meza ya cherehani, mtoto amefungwa mgongoni, mikono yote miwili imeshika kenchi ya paa. Hakuwa analia. Tofali za chini zilikuwa zinayeyuka tunaziona. Tulimtoa kupitia dirishani, mtoto kwanza, akapokelewa mkono kwa mkono hadi kwa mke wangu aliyekuwa kwenye mwinuko. Hatujafika mbali, ukuta wa nyuma ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, mabati yakaufuata.

Hakufa mtu. Kila aliyekuja baada ya hapo alitukumbusha hilo, na waliokuja walikuwa wengi: waliopiga picha, waliopima kwa hatua, waliotupa pole kwa kipaza sauti. Mhandisi mpole hakuonekana.

Siku ya tatu cherehani kilipatikana chini kwenye shamba la maharage la watu, gurudumu limejaa mizizi. Nilikibeba na yule bwana hadi kwangu, walikokuwa wamehifadhiwa. Mkewe alikuwa uani anafua vitambaa vya wateja, maji ya beseni yamekuwa rangi ya chai. Nilimwambia labda fundi wa Karatu atakiokoa. Alikitazama, halafu akanitazama mimi.

"Mwalimu, siku ile ya chai ulijua?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kusema habari za kalavati, na zisingekuwa uongo.

"Nilijua," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, akainama akaendelea kufua. Hakuniuliza kingine, wala hakunitupia neno baya mwezi mzima walioishi kwetu. Ningependa angenitupia. Baadaye walirudi kambini kwenye kahawa, chumba kimoja, na watoto wakahama shule.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama mbele ya watu wote, na baba mdogo akiwa mstari wa mbele, nikataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba ile tambarare ni njia ya maji na mtu yeyote asiuziwe. Iliandikwa. Baba mdogo alitoka kabla ya kikao kufungwa. Tangu siku hiyo ananisalimu kanisani kama anavyosalimu wageni. Mama naye amenilaumu, si kwa nilichosema, bali kwa kumsemea mzee hadharani wakati nilishindwa kusema faraghani.

Kalavati limezibuliwa. Ni lile lile.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nimeona vigingi vipya kwenye tambarare: walipohama wale, baba mdogo alikitwaa tena kiwanja, akakiuza, muhtasari au la. Safari hii sikwenda kwa baba mdogo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mnunuzi, kijana wa Mbulu, kibarua wa vitunguu, mkewe mjamzito. Nilimpeleka hadi ukingoni nikamwonyesha alama ya tope kwenye shina la mkaratusi, juu ya kichwa changu. Nilimweleza habari za nyumba iliyokuwepo, meza, dirisha, yote. Sikusema majimaji; nilisema mafuriko.

Alinisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Nashukuru, mwalimu," alisema. "Sasa nionyeshe pengine ambapo mtu kama mimi anauziwa."

Niligeuka nikaangalia mlima, mashamba ya kahawa yenye uzio, mashamba yetu wenyeji yaliyogawanywa kwa watoto hadi yamebaki vipande, hoteli za watalii kwenye matuta mazuri yote. Nilitafuta kwa kweli. Alivaa kofia yake, akachukua nyundo, akaendelea kupigilia kigingi.