Ndoo Tatu Kabla ya Wageni

Anastasia wa Mlali hakuwa mtu wa kulainishwa kwa tabasamu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliumwa mwaka ule serikali ilipouza kiwanda cha mjini. Walikuja vijana wenye madaftari, wapole kupindukia, wakamuuliza kila mfanyakazi jina na kazi yake. Wiki mbili baadaye majina ya waliopunguzwa yakasomwa getini, la mumewe Stephano likiwemo. Tangu hapo nyumba iliishi kwa nyanya alizolima Anastasia, na daftari likawa adui yake.

Sasa hebu fikiria, mwalimu mkuu anamwambia Alhamisi kuna wageni watakuja nyumbani kumtazama binti yake Furaha, nao wana madaftari! Furaha alikuwa darasa la pili, na kutulia hakujui. Aliruka nje kupitia dirishani katikati ya somo, aliacha hesabu njiani, alijibu maswali ambayo hayajaulizwa. Mwalimu alikwishaonya kwamba asipobadilika atamrudisha nyumbani. Wageni wenyewe walikuwa wanafunzi wa saikolojia, wanaofundishwa kuwasaidia watoto wasioweza kutulia pamoja na wazazi wao. Kusaidia! Anastasia aliguna. Hata kiwandani walisema wamekuja kusaidia. Aliona wazi kwamba hawa wataandika mtoto ni mgonjwa, shule ipate sababu ya kumfukuza.

Basi akafanya ujanja wake. Alhamisi alfajiri alimtuma Furaha mtoni na ndoo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wageni walipofika na mwalimu mkuu, mtoto alikuwa amekaa mkekani kimya, akahesabu punje za mahindi walizompa hadi ya mwisho. Mkono wa Anastasia ulimimina chai, jicho likifuata kalamu.

Njia ya mwongo fupi, jamani. Mkufunzi wao, Mwinjuma, alifunga daftari akasema kwa leo haoni tatizo. Mwalimu mkuu akakunja uso. Kama mtoto hana tatizo, alisema, basi yale ya darasani ni jeuri tu, na Jumatatu asije shule.

Anastasia aliweka birika chini. Mtego aliowategea wageni ulikuwa umemnasa mwanawe. Aliona aibu, na hasira pia, lakini alisema.

"Mwalimu, nimewadanganya. Nimemchosha mtoto kwa maji tangu alfajiri, ndiyo maana ametulia. Siku nyingine hakai hata kidogo, na mimi nimechoka, sijui tena nimfanyeje."

Akasubiri wamcheke. Mwanafunzi mmoja, Shadia, ndiye aliyeuliza, "Mama, akishachota maji huwa anatulia kwa muda gani?"

Anastasia alimkazia macho akitafuta mtego uko wapi. Hata hivyo akajibu: mpaka kama saa nne asubuhi. Tena humpa kazi moja moja, maana zikiwa mbili zote hupotea, na humgusa bega kabla ya kumwagiza. Mwinjuma aliwageukia wanafunzi wake akawaambia waandike yote hayo, kwa kuwa mama amewatangulia. Kisha akamweleza mwalimu kwamba hiyo si jeuri, akamwomba amruhusu Furaha amwagilie bustani ya shule kabla ya hesabu, akae mbele, apewe swali moja moja. Mwalimu alikubali kwa shingo upande, kwa mwezi mmoja tu.

Mnadhani Anastasia alipoa? Thubutu! Sasa alishuku wamemfanya mwanawe mtumwa wa bustani. Kila asubuhi, na tenga la nyanya kichwani, alisimama nyuma ya ua wa minyaa akichungulia.

Siku ya tisa kengele ya mapumziko ililia, watoto wakamiminika nje. Furaha hakutoka. Anastasia alikimbilia dirisha lile lile ambalo mtoto alizoea kurukia nje, akiwa na hakika wamemfungia. Furaha alikuwa peke yake darasani, ameinamia dawati, anamalizia hesabu ya mwisho.

Anastasia alilia pale pale, tenga kichwani. Kesho yake alirudi tena dirishani, asije akawa ameona vibaya.