Ada ya Kutoka

Watu wa Dar es Salaam wana mzaha wao kuhusu sisi Wapare, kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nimeusikia tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi na sijawahi kuukanusha. Mjomba wangu mwenyewe aliuza mbuzi wawili akimshitaki jirani kwa ajili ya mgomba mmoja, akashinda, na hadi anakufa alitusimulia ushindi ule kila Krismasi. Ubahili nao wametubandika, na huo pia siukani. Wangu mimi ulinitia hasara kidogo, kisha ukaniokoa, na yote mawili yalitokea kwenye mfuko mmoja wa uwekezaji.

Nilifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya huko Gonja, milimani. Nilipostaafu nikapata kiinua mgongo, tukahamia Same mjini kwenye nyumba yetu ndogo, mahali ambapo upepo huingiza vumbi hadi ndani ya sufuria yenye mfuniko. Mume wangu ni mtu wa Shighatini, Mgweno wa Upare Kaskazini, aliyeendesha lori la shamba la mkonge hadi magoti yakakataa. Yeye alikuwa na ndoto ya gesti: vyumba sita kando ya barabara kuu, madereva wa masafa wapate pa kulala. Alikuwa ameshachagua kiwanja, na ameshanunua tofali mia tatu na kuzipanga uani kwetu kwa ustadi mkubwa. Mimi sikuitaka gesti. Nimetandika mashuka ya wagonjwa ujana wangu wote, sikuona kwa nini uzeeni nianze kutandika ya madereva.

Nilichotaka ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ule ambao watu wengi huweka hela zao pamoja, kila mmoja akapata vipande vyake, na wataalamu wakanunua hisa kwa niaba ya wote. Tulibishana wiki mbili. Mwishoni tukakubaliana kwamba nusu ya hela ikae benki kwa matumizi na maradhi, na nusu iingie mfukoni miaka mitano. Miaka hiyo ikiisha, kama nilichoweka hakijaongezeka, chote kitakuwa gesti bila neno la ziada. Akasema niandike. Nikaandika, tukatia saini wote wawili, akaitia karatasi kwenye bahasha na bahasha akaiweka juu ya kabati. Wanetu wana watoto wao wa kusomesha, na niliapa kwamba sitawapigia simu kuomba hela ya sukari. Nusu ile ndiyo ilikuwa uzee wetu.

Mimi simezi kidonge kabla ya kufungua ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi na kusoma madhara yake. Waraka wa mfuko niliusoma vivyo hivyo, nikiwa na miwani na kalamu nyekundu. Niliouchagua haukuwa ule uliokuwa unasifiwa mtaani. Huu ulinunua hisa ambazo watu wamezichoka, za makampuni yenye mali na faida lakini bei yake imeshuka kwa sababu yamepata mwaka mbaya, au kwa sababu hakuna anayeyazungumza. Unanunua chini ya thamani, unasubiri wenzako wastuke.

Sikuhitaji profesa kunieleza. Mama yangu alilima tangawizi kijijini kwetu Mamba. Mwaka mmoja bei ilianguka vibaya, majirani wakakata tamaa, wengine wakarudi kwenye maharage. Mama akawafuata mmoja mmoja kukodi mashamba yao pamoja na tangawizi iliyokuwa ardhini. Lakini hakukodi ovyo. Aliingia kila shamba, akang'oa shina moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likiwa laini na linanuka, aliondoka hata kama angepewa bure, akisema rahisi ni ghali. Likiwa gumu alilipa palepale. Tangawizi ngumu huweza kukaa udongoni ikisubiri bei, lakini iliyoanza kuoza haimsubiri mtu. Bei iliporudi, mama alitulipia ada ya shule watoto wanne.

Kwa hiyo niliingia mfukoni nikijiamini sana. Nilijua pia gharama zake, au ndivyo nilivyodhani. Kuingia kulikuwa bure. Kutoka kulikuwa na ada: kubwa mwaka wa kwanza, ikipungua kila mwaka, na baada ya mwaka wa nne hakuna. Ada hiyo niliipigia mstari mwekundu mara mbili.

Hela ya benki ilipungua haraka, kwa sababu magoti ya mume wangu yalihitaji matibabu mengi kuliko tulivyotarajia. Mfuko ulipotimiza mwaka, nikaona nitoe kiasi kidogo tununue tangi la maji, maana maji ya bomba Same huja yanapotaka. Mume wangu akatoa tofali zake arobaini kujengea kitako cha tangi, akilalamika kwamba gesti imeanza kuliwa kabla haijajengwa. Hela ilipoingia kwenye simu niliona nimekatwa ada ya mwaka wa kwanza, wakati kwa hesabu yangu nilikuwa kwenye mwaka wa pili kwa siku sita. Nilipopiga simu nikaambiwa mwaka huhesabiwa tangu siku vipande vilipoandikwa jina langu, si siku nilipoweka hela benki. Waraka ulisema siku ya kupokelewa kwa hela. Tofauti ilikuwa shilingi elfu ishirini na mbili. Nilikasirika, na kesho yake nikapanda basi la Dar.

Nilibeba waraka, stakabadhi ya benki, na nusu debe la tangawizi la kumpelekea wifi yangu anayeishi huko, kwa kuwa huendi kulala kwa watu mikono mitupu. Ofisini nilipokewa na dada mmoja mwenye adabu. Akanipa shikamoo, akanisikiliza bila kunikatiza, akachukua karatasi zangu akaingia nazo ndani kwa mkubwa wake. Aliporudi akasema nina haki, na elfu ishirini na mbili zangu zitarudi siku hiyohiyo. Nilikaa wima kwenye kiti kile kama mjomba wangu mahakamani.

Yule dada hakuinuka kuniaga. Akanisogezea waraka wangu mwenyewe, akaniuliza kwa upole: "Mama, hii imekatwa mara moja na umeifuata toka Same. Mbona ile inayokatwa kila siku hujaiulizia?"

Akanifafanulia. Mfuko hulipa ada ya usimamizi kila mwaka, ila haiji kama makato ambayo mtu atayaona. Humegwa kidogo kidogo kila siku kutoka kwenye mali ya mfuko, ndipo bei ya kipande hutangazwa. Meneja akinunua au kuuza hisa, madalali nao hulipwa humohumo. Hakuna stakabadhi. Yote yalikuwemo kwenye waraka, ukurasa ambao nilikuwa nimeupita kwa kuwa haukutaja siku ya kudaiwa wala mahali pa kulipia. Bandu bandu humaliza gogo, na mimi nilikuwa nimesimama na kalamu nyekundu nikilinda kijiti.

Niliona haya, na haya ilinifanya nikatae kuondoka. Nikamwambia anionyeshe ninalipia nini. Akanitolea orodha ya hisa za mfuko, ya mwaka ule na ya mwaka uliopita. Niliziweka pamoja nikapitisha kidole. Zilikuwa karibu zilezile, makampuni ya kuchosha ambayo hakuna aliyeyasifu mtaani kwetu. Hilo lilinituliza. Mtu anayedai kwamba hununua vitu vilivyodharauliwa na kuvisubiri, lakini kila mwezi anauza na kununua vingine, anakulisha gharama za dalali na kazi uliyomtuma haifanyi. Tukapatana kwamba kila mwaka atanitumia mambo mawili tu, ada iliyokatwa na orodha ile. Siku orodha itakapojaa hisa zinazopendwa na kila mtu, nitajua nalipia kidole gumba kisichobonyeza, na nitaondoka.

Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na thamani ya tangawizi vilizidi elfu tisini. Mume wangu alipiga hesabu hiyo kabla sijavua viatu. Akacheka hadi akalazimika kukaa, akasema kule Ugweno nako kuna wabahili, lakini hawalipi nauli kuufuata ubahili wao.

Mwaka wa tatu sikuwa na cha kuchekea. Bei ya kipande ilianza kushuka na haikusimama, mpaka ikawa chini ya ile niliyonunulia. Ule mfuko uliokuwa ukisifiwa ulikuwa unapanda, na mwenzangu mmoja wa kwaya aliyekuwa nao alinisimulia habari zake kila tulipokutana mazoezini, kwa nia njema kabisa. Niliiulizia orodha. Haikuwa imebadilika, na faida za makampuni yale zilikuwa palepale. Nilijua basi kwamba mashina ni magumu. Lakini kujua na kulala usingizi ni mambo mawili. Niliogopa. Nilimwona mume wangu akitembea na fimbo kuzizunguka tofali zake, nikawaza kwamba nimeula uzee wake kwa kujifanya mjuzi.

Asubuhi moja alipokwenda sokoni nikaijaza fomu ya kutoa. Nilijaza vipande vyote. Jina, namba, akaunti ya benki, kila kitu kwa mwandiko mzuri. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha ada ya kutoka. Nikapiga hesabu pembeni ya karatasi, nikaandika tarakimu, nikaitazama. Ilikuwa hela ya choo kizima, shimo na paa lake, nimpe mtu kwa kunifungulia mlango tu. Mkono ulikataa. Nilijaribu kuweka saini na mkono ukakataa tena. Nikaikunja fomu nikaisukumiza chini ya sare zangu za kazi sandukuni, na mume wangu aliporudi nikamwambia, kwa sauti ile niliyokuwa nikiwaambia wagonjwa kwamba sindano haiumi, kwamba mkakati wa mfuko huu ni kusubiri. Akasema sawa. Hakuuliza habari za gesti siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule, na mimi nikadhani magoti yamemchosha.

Bei ilikaa chini muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha kampuni mbili katika zile zilizosahauliwa zikatoa gawio kubwa la faida kwa wenye hisa, watu wakastuka, na kipande kikaanza kupanda. Sikushangilia. Niliangalia mara moja kwa mwezi na kuendelea na shughuli zangu.

Miaka mitano ilitimia mwezi wa tatu mwaka huu. Tulikaa barazani baada ya ibada, chai mezani, yeye na bahasha ya makubaliano yetu, mimi na taarifa ya mfuko. Nikamsomea tulichoweka, tulichotoa kwa ajili ya tangi, na kilichopo. Kilichopo kilikuwa kimezidi waziwazi. Si utajiri, ila kimezidi, na ada ya kila siku ilikuwa imeshatolewa humo. Akauliza kama nimetoa nauli ya Dar. Nikaitoa. Akauliza kuhusu tangawizi. Nikaitoa nayo, na bado tulikuwa juu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema mkakati wangu umefanya kazi.

Sikuweza kuupokea ule uongo. Nilimwambia kwamba mwaka wa tatu sikuwa na mkakati wowote, kwamba nilikuwa nimekata tamaa kama wale majirani wa mama, na kilichonizuia ni uchungu wa kulipa ada ya kutoka na si kingine.

Alifungua bahasha, akatoa makubaliano yetu, na nyuma yake akatoa ile fomu yangu, imekunjwa mikunjo ileile. Alikuwa ameiona wiki ileile niliyoificha, akitafuta kitambaa cha kufungia goti. Nilibaki nimeshika kikombe. Mtu huyu alitaka gesti kuliko kitu chochote, na wakati ule neno lake moja tu, hata mguno, lingetosha kunifanya nitie saini.

"Mbona hukusema?"

"Niliona kalamu imeishia kwenye ada," alisema. "Nimekuoa miaka arobaini na mbili, Mama. Nikajua hela imepona."

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Akanisogezea chai yangu na kutazama barabarani, kama afanyavyo nikilia. Tofali zake zilikuwa palepale uani, mia mbili na sitini, mbuzi wa jirani amelala juu yake. Nikaivuta taarifa ya mfuko, nikatazama ile nyongeza iliyokuwa juu ya tulichoweka, na nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuwaza kwamba ningeifanya kwa hiari yangu.

"Mwaka wa nne umeshapita," nikamwambia. "Kutoka sasa ni bure. Jenga vyumba viwili, na mashuka utatandika wewe."