Mgeni Aliyegoma Kula

Sogea karibu nikueleze polepole. Jambo hili ni rahisi ukishalijua, ila mie nililijua nikiwa nimechelewa kidogo.

Mdudu-jani ni mdudu mwenye umbo la jani. Ana mishipa ya jani, ana rangi ya jani, na pembeni ana madoa ya kahawia kama jani lililoanza kukauka. Wakati mwingine huyumba taratibu kana kwamba kuna upepo, hata feni ikiwa imezimwa. Binti yangu alipewa mmoja, bado mchanga, na mwalimu wake wa baiolojia anayewafuga. Akamjengea nyumba: ndoo ya plastiki, mdomoni kipande cha chandarua, chini gazeti, ndani tawi la mpera lililochomekwa kwenye chupa ya maji.

Tunakaa Bunju, na shule yake iko mbali, kwa hiyo wiki ya mitihani alikwenda kulala kwa shangazi yake Kipawa, jirani na shule. Aliniachia mdudu na sharti moja.

"Baba, nikirudi Jumamosi nimkute mzima."

Nikaahidi. Sikuona ugumu. Nimelea watoto watatu.

Jumatatu gazeti lilikuwa safi. Ujue, mdudu huyu akila huangusha vinyesi vidogo kama punje za ulezi. Gazeti safi maana yake hajala. Alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye chandarua, hana habari na mtu.

Nikamwambia mama yangu. Mama alikuwa amekuja kutoka Masasi kutibiwa goti, na katika maisha yake hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwake bila kula. Mgeni akisema ameshiba, mama huelewa kwamba chakula hakikumpendeza, naye huenda kuleta kingine. Akainama juu ya ndoo.

"Mnampa nini?"

"Majani ya mpera, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata wewe ungegoma, baba."

Tukaleta majani ya mwembe. Nikambandua kutoka kwenye chandarua, mguu mmoja mmoja, nikamweka juu ya jani laini kabisa. Akatulia kidogo, kisha akapanda tena juu na kuning'inia palepale. Mama akasema ana haya, hawezi kula huku anatazamwa. Tukageuza viti, tukaangalia ukuta kwa muda unaomtosha mtu kumaliza sahani. Tulipogeuka, hajala.

Jumanne tukaleta mkorosho. Mama alikuwa na imani kubwa na mkorosho, kama mtu yeyote wa Masasi. Nikambandua, nikamweka, akapanda. Jumatano asubuhi mama akachuma kisamvu kichanga. Hakukipika, lakini ilibidi nimwombe sana. Mchana akataka tujaribu kisamvu kilekile kikiwa kimekatwakatwa. Hiyo ikawa mara ya nne kumbandua.

Kila jioni binti yangu alipiga kwa simu ya shangazi yake.

"Anakula?"

"Anakula."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Nilijiambia kwamba sitaki kumvuruga kwenye mitihani. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Jumatano jioni mama akaninyang'anya simu.

"Mjukuu wangu, baba yako anakudanganya. Mdudu wako hali tangu juzi. Tumempa mwembe, mkorosho, kisamvu. Ananing'inia tu."

Binti yangu akauliza haraka.

"Bibi, mmemgusa?"

"Tumemkaribisha."

Ndipo tukaelezwa, simu ikiwa kwenye spika. Mdudu-jani anayekua huvua ngozi. Ikikaribia siku yenyewe huacha kula, hutafuta pa kujishikilia, huning'inia kichwa chini na kusubiri. Anachohitaji ni unyevu na kuachwa. Ukimbandua unamchosha, na akianguka katikati ya kazi hiyo anaweza kunasa ndani ya ngozi ya zamani na kufa.

"Baba, mimi nilikuwa nakuuliza kila siku," alisema.

Nikanyunyizia chandarua maji kwa chupa ya saluni, tukafunika ndoo kwa kanga. Mama akakesha sebuleni. Mara tatu aliinuka kwenda kuchungulia, na mara tatu nilimwita arudi. Kumwacha mgeni na njaa kulimuuma kuliko goti.

Alhamisi asubuhi tulimkuta ametoka, mkubwa zaidi, amepauka, pembeni yake ngozi iliyonyauka. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umebaki ndani ya ngozi hiyo. Tukiwa tunatazama, akaigeukia ile ngozi, akaanza kuila, akaendelea mpaka ikaisha. Mama alimfuatilia mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe alikuja na chakula chake," akasema, akaenda kulala.

Jumamosi binti yangu alifika, akampa bibi yake shikamoo, akafunua ndoo, akahesabu miguu. Mitano. Kabla hajauliza nikamwambia: nilimbandua mara nne, na kwenye simu nilisema uongo.

"Mguu utaota akivua tena," akasema. "Ila utaanza mdogo."

Kisha akanikabidhi ile chupa, akanionyesha namna ya kunyunyiza bila kumlowesha mdudu mwenyewe.

Basi na wewe, mdudu wako akiacha kula na kuning'inia kichwa chini, usimletee kitu. Nyunyizia chandarua maji kidogo, funika ndoo, na usimguse mpaka avue.